Funda la Maji Kabla ya Kuhama Chaneli

Sogea karibu kidogo, wewe unayesikiliza, maana sauti yangu siku hizi haiendi mbali. Karibu umri wangu wote wa kazi nimesema na watu nisiowaona, na koo limechoka. Umetaka kujua kazi ya redio ilivyokuwa, nami nitakueleza polepole. Ukipotea mahali, usione haya. Mimi mwenyewe nilipotea mara nyingi kabla haijaniingia.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana. Chumba cha redio cha bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kilikuwa juu ya ghala, na ngazi yake ilinuka dizeli na samaki wakavu. Ndani mlikuwa na meza, redio mbili, dirisha linalotazama gati, na chefe, yaani mkuu wa redio. Alikuwa mtu wa Inhambane, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha bati chenye kifuniko.

"Unajua kusema?" aliniuliza kwa Kireno.

"Najua, chefe."

"Kila mtu anajua. Kaa pale. Leo utajifunza kunyamaza."

Nilidhani ananidharau kwa kuwa ni msichana. Sivyo. Alikuwa ananifundisha kazi, tena sehemu yake iliyo ngumu.

Redio ina chaneli, nazo ni kama vyumba vya nyumba moja. Ukiwa chumba hiki husikii yanayosemwa chumba kile. Bandarini kulikuwa na chaneli ya kuitia, ambayo kila chombo kilitakiwa kuisikiliza, na kulikuwa na chaneli za kazi. Nahodha alikuita kwenye ile ya kuitia, mkapatana chaneli ya kazi, mkahamia huko wote wawili. Mlipomaliza, kila mmoja alirudi kwenye ya kuitia ili wengine wampate. Kuhama kwenda hakumshindi mtu. Taabu ipo kwenye kurudi.

Mchana ule chefe aliniachia nizungumze na nahodha wa meli ndogo ya mizigo iliyokuwa nje ya mkondo. Nilimpa zamu yake ya kuingia, nikasema "terminado", yaani mazungumzo yamekwisha, na mkono wangu ukaenda mbio kwenye swichi ya chaneli. Chefe akaweka kiganja chake juu ya swichi.

"Unakimbilia wapi? Una mchumba kule?"

"Hapana, chefe."

"Basi kunywa." Akafunua kikombe, akanisogezea.

Nikanywa funda la maji. Sijalimeza vizuri, sauti ya nahodha ikarudi hewani. Alikuwa amesahau kusema kwamba baharia wake mmoja ana homa kali, hawezi kusimama, na anaomba mtu wa hospitali aje gatini. Nikamjibu. Kama ningehama, angeita kwenye chumba kitupu.

"Watu wa pwani hii," chefe alisema akifunika kikombe chake, "wakishaaga ndipo mazungumzo yanaanza."

Hiyo ndiyo ikawa desturi yetu. Ukimaliza kusema, mkono unakwenda kwenye kikombe, hauendi kwenye swichi. Funda moja. Ukilimeza na hakuna aliyesema, unahama. Waliopita katika chumba kile walikwenda nayo kila walikopangiwa, na ukimwona mtu wa redio anakunywa maji ovyo, ulijua nani alimfundisha.

Baadaye nilipelekwa Palma, kisha Mbau, kwenye redio ya posto, yaani kituo cha utawala. Mkuu wa posto alikuwa bwana mnene kutoka Gaza, mwenye moyo mzuri, lakini alipaza sauti kwenye kipaza kama anayetaka kufika mjini kwa mapafu yake.

"Senhor chefe," nilimwambia siku moja, "redio haihitaji kelele."

"Sipigi kelele, Dona Atija. Hii ndiyo sauti yangu ya ofisini."

Watu wa nyumbani waliniita Bi Atija au Mama Atija, na wale waliotoka kusini waliniita Dona. Nimeyazoea yote. Simu za mkononi zilipoenea, vyumba vya redio vikafungwa kimoja kimoja, nami nikahamishiwa kuandika hati za watu wengine. Halafu vita vikaja, na mji wetu ukahamwa. Hayo sitayasimulia hapa. Waliokuwapo wanayajua, na ambao hawakuwapo hawatayajua kwa maneno yangu. Nilikaa Pemba, katika nyumba ya shemeji, tukiwa wengi kuliko mikeka.

Tuliporudi, mradi mmoja wa maji ulikuwa unatafuta mtu anayejua redio na anayejua kusema na wenyeji. Nilikuwa karibu kustaafu. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kukataa ngazi. Nikaenda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa redio zinabadilika. Zile za mradi hazikuwa na sauti. Zilikuwa visanduku vidogo, kila kimoja na antena fupi, betri, na kipande cha sola cha ukubwa wa daftari. Nguvu yake ni ndogo, hakifiki mbali. Kwa hiyo kisanduku cha Mbau hakisemi na mjini moja kwa moja. Kinamwambia jirani yake aliye kwenye nguzo njiani, jirani anamwambia jirani yake, mpaka neno linafika mjini, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Nguzo moja ikianguka, neno linatafuta jirani mwingine. Ndiyo maana mtandao wa namna hii unaitwa wavu.

Visanduku navyo vina chaneli. Kila kimoja kina mpangilio wake wa kusikiliza: sasa kiko chaneli hii, punde kiko ile, ili kelele za chaneli moja zisikizibe masikio siku nzima. Majirani wanaujua mpangilio huo, nao huhesabu kwa saa iliyo ndani ya kisanduku. Ukitaka kusema na jirani, unakwenda kwenye chaneli aliyopo yeye, unasema, yeye anajibu "nimepokea", kisha wewe unarudi kwenye mpangilio wako. Muda uliobaki kisanduku kinalala, kwa sababu kusikiliza kunakula betri. Watu wengi wanafikiri kusema ndiko kunakochosha. Kusikiliza kunachosha vilevile. Nami nakubaliana na visanduku katika hilo.

Kule Mbau maji yalitoka kisimani kwa pampu ya sola mpaka kwenye tangi. Lakini pwani yetu, visima vikivutwa vyote kwa pamoja, maji ya chumvi yanaingia. Basi pampu haikuwaka hivi hivi. Tangi likipungua, mtunza pampu alibonyeza kitufe, kisanduku kikaomba ruhusa mjini, kompyuta ikatazama zamu za visima vingine, ikarudisha ruhusa, pampu ikawaka. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Mtunza pampu alikuwa Momade, kijana wa pale pale Mbau, aliyerudi kutoka kambi ya waliokimbia vita kabla ya majirani zake wengi. Yeye ndiye aliyewatumia watu habari: rudini, maji yapo. Walirudi kwa neno lake. Kisha pampu ikaanza kukataa. Siku nyingine inawaka, siku nyingine tangi linabaki kavu na ndoo zimepangwa mstari, na kina mama wanamtazama Momade kama aliyewaibia. Mkewe, Mwanaisha, alimwambia mbele ya watu: "Maji yakikatika tena, mimi nachukua watoto nakwenda kwa mama, kule Diaca. Wewe baki uolewe na pampu." Maji yakakatika tena. Akachukua watoto, akaenda.

Mkuu wangu katika mradi alikuwa engenheiro, yaani mhandisi, kutoka Zambézia, umri wa mwanangu, mpole, anayefanya hesabu kwa kunong'ona. Tulikwenda Mbau pamoja. Momade alitupokea kwenye kibanda cha pampu, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama Atija. Bom dia, engenheiro. Tangi kavu tangu jana. Tazameni."

Akabonyeza kitufe. Akangoja kidogo tu, akabonyeza tena. Kisha tena na tena, kwa kidole gumba, kama anayeua siafu. Kina mama nje ya kibanda walikuwa wanamhesabia kwa sauti.

"Bonyeza, Momade, labda inacheza ngoma!"

"Mwacheni, anampigia Mwanaisha!"

Engenheiro alikuwa amefungua kompyuta yake. Nikamwona anakunja uso. Mimi sikutazama kompyuta, nilitazama kile kidole. Nikamkumbuka chefe wangu wa bandarini.

"Momade mwanangu," nikamwambia, "bonyeza mara moja tu. Kisha nipe maji ya kunywa."

"Maji gani, Mama? Si ndiyo tunayoyatafuta!"

Hata engenheiro alicheka nilipomtafsiria. Lakini Momade ni mtu wa adabu. Alibonyeza, akatoka, akaenda kuomba kikombe kwa jirani, akarudi nacho kimejaa nusu. Nilikunywa. Pampu ikawaka.

Nje walipiga vigelegele. Engenheiro hakupiga. Alikuwa anapitia yale aliyorekodi, na midomo yake inakwenda. Mwishowe akanigeuzia kompyuta, akanieleza, nami nakueleza wewe.

Kisanduku kilipoomba ruhusa, kilikwenda kwenye chaneli ya jirani, kikasema, kikasikia "nimepokea", papo hapo kikarudi kwenye mpangilio wake. Ruhusa ilikuwa bado iko njiani. Jirani alipoipata, alikwenda kukitafuta kwenye chaneli aliyodhani kipo. Lakini kibanda cha Mbau kimeezekwa bati, na joto la mchana liliichelewesha saa ya kisanduku. Jirani alibisha chumba hiki, mwenyewe bado yuko chumba kile. Baadhi ya siku walikutana, na baadhi wakapishana. Naye Momade, kila alipobonyeza tena, alikiondoa kisanduku mahali kilipokuwa kinasikiliza, kikaenda kuomba upya. Kadiri alivyoomba maji kwa uchungu, ndivyo alivyokizuia kisanduku kusikia jibu.

Fikiria mtu anayepiga hodi mlangoni kwako. Wewe uko jikoni, unanawa mikono, unasema "karibu", unatoka, na yeye keshakwenda kupiga hodi nyumba ya pili. Unamfuata nyumba ya pili, naye yuko ya tatu. Usiku anawaambia watu kwamba mtaa huu hauna wenyewe.

"Basi kisanduku kibaki pale kilipoulizia," nilimwambia engenheiro tukiwa njiani kurudi. "Kikisha kuuliza, kikae kwenye chaneli ya jirani mpaka jibu lije."

"Nilijua utasema hivyo, Dona Atija. Na kikikaa kila mara, betri inakufa. Nani atakuja Mbau kuibadili? Mimi na wewe, kwa barabara hii."

Alisema kweli. Ile barabara ilikuwa bado na hatari ya kushambuliwa, hatukuipenda sisi sote, na dereva alikuwa hasemi neno mpaka tumeona nyumba za mjini. Wale walioamua kisanduku kihame mara moja walikuwa wanatuhurumia sisi, wasitutume njiani mara kwa mara. Kila sekunde ya kusikiliza ilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa mtu.

Tulibishana siku kadhaa, yeye kwa hesabu na mimi kwa bandari. Akaniuliza swali zuri: "Kule gatini, mlikunywa maji baada ya kila neno?"

Nikafikiri. Hapana. Tukitangaza hali ya hewa, tulisema na kuhama, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kujibu. Tulikunywa pale tu tulipokuwa na mtu upande wa pili. Nikamwambia hivyo, akapiga meza. Kuanzia hapo mambo yakaenda haraka, na kazi ya kuandika ilikuwa yake yote. Sheria yake ilikuwa hivi. Kisanduku kikitoa habari tu, kwamba betri iko hivi na joto liko hivi, kiseme, kipokelewe, kihame mara moja. Kikiuliza jambo linalohitaji jibu, kibaki kwenye chaneli ya jirani kwa muda mfupi. Kila kikisikia neno kutoka kwa jirani, muda huo uanze upya. Jirani akisema "sina zaidi", kihame bila kungoja. Muda ukiisha kimya, kihame pia, kisijifie pale. Na wakati kinangoja, kitufe kisikiondoe.

Aliuita muda ule "gole", yaani funda kwa Kireno. Nilijifanya sikuona, lakini nilifurahi.

Tulirudi Mbau kuweka sheria mpya. Pampu ikawaka kwa ombi moja, kesho yake ikawaka, na keshokutwa, mchana wa jua kali. Betri ilishuka kidogo tu. Wiki zilizofuata nilikuwa naitazama kutoka mjini, nayo ikaendelea. Waliokuwa wamefunga mizigo Mbau wakaifungua.

Nilikwenda mara ya mwisho kabla ya kustaafu, kuaga. Nilitarajia kumkuta Momade anacheka. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya tangi, simu mkononi, bomba linamwaga maji kwenye ndoo ya mtu na yeye hatazami.

"Vipi tena, mwanangu? Maji si haya?"

"Maji yapo, Mama. Mwanaisha hayupo."

"Umemwambia?"

"Nimempigia, hakupokea. Nikamtumia ujumbe: maji yapo, hayana chumvi, rudi. Nimetuma mara nyingi. Kimya. Amenikataa."

"Na ukishatuma, unafanya nini?"

Akanitazama kama swali halina maana. "Natoa laini, naweka ile nyingine. Kaka yangu yuko Mtwara, anauza mchele, ananipigia kwa ile. Simu hii tundu lake moja limekufa."

Sisi wote huku tuna laini mbili, ya kampuni hii na ya kampuni ile, na ambaye simu yake ina tundu moja anabadilisha kwa kucha siku nzima. Nilimtazama, nikaanza kucheka, na kicheko kikanitoa machozi. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu kabla ya Pemba.

"Momade, wewe umekuwa kisanduku."

"Mama?"

"Unapiga hodi kwa Mwanaisha, halafu unahamia mlango wa Mtwara. Yeye akitoka, anakukuta wapi? Weka laini yake. Mpigie."

Akaweka. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Kidole chake kikaanza kufungua mfuniko wa nyuma wa simu, kwa mazoea tu, nadhani hata hakujua. Nikaweka kiganja changu juu ya simu.

"Mama, kaka atapiga..."

"Kaka hana mke wako. Kinga maji, unywe."

Akakinga kwenye bomba. Alikunywa kwa kuniridhisha, uso umekunjwa. Kikombe kilikuwa bado mdomoni simu ilipolia chini ya kiganja changu.

Sauti ya Mwanaisha haikuhitaji kuwekwa karibu na sikio. "Wewe mwanamume! Simu ilikuwa kwenye chaji, nyumba ya pili. Unapiga unapotea, unapiga unapotea! Kila nikikurudia naambiwa hupatikani. Umeoa huko?"

"Sijaoa, mama watoto. Nilikuwa... laini."

"Laini! Hayo maji yana chumvi?"

"Hayana."

"Apa."

"Wallahi hayana. Mama Atija yupo hapa, muulize."

Kukawa kimya. Momade akanitazama kama aliyekatiwa simu. Nikamwonyesha kikombe. Akanywa funda jingine, simu sikioni.

"Basi njoo utuchukue," sauti ikasema. "Na uje na dumu la hayo maji, niyaonje mwenyewe kabla sijapanda gari."

Nilistaafu mwezi ule. Engenheiro amehamishiwa Tete, na visanduku sasa viko chini ya vijana ambao sikuwafundisha. Najua vitaharibika, kwa sababu kila nilichowahi kukitunza kiliharibika au kilikimbiwa. Mguu wangu umekataa ngazi kabisa. Watu huniuliza kama umri wote ule ulikuwa na faida, nami jioni nyingine sina jibu. Lakini Mwanaisha hupita hapa akija sokoni, ananiletea mihogo, na ananiambia Mbau kuna watoto wapya. Jibu la namna hiyo huchelewa, na linamkuta aliyebaki mahali alipoulizia.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, iwe ya sauti au ya visanduku, fanya hivi. Weka kikombe cha maji mezani kabla hujawasha redio. Ukiuliza neno, ondoa mkono kwenye swichi. Kunywa funda moja, limeze polepole, sikiliza. Ikiwa hakuna aliyesema, hama.